Mgeni Ana Jina

Jumapili moja, baada ya mkutano wa jumuiya yetu hapa Kikula, tulibaki kidogo chini ya mwembe tukizungumza. Kijana mmoja alikuwa amesikia redioni habari za korti ya ng'ambo iliyotoa hukumu juu ya watu walioomba makimbilio. Akacheka, akasema: "Hukumu ni karatasi tu. Mkimbizi hali karatasi." Mzee mmoja, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, akanyamaza kidogo, kisha akamjibu: "Mwanangu, mwaka wa 1992 karatasi hiyo tuliitafuta hapa Likasi, tukaikosa. Ungaliona stesheni siku zile, usingalisema hivyo." Kijana akauliza: "Lakini baba, waliowaficha watu si majirani? Hakimu angalifanya nini?"

Mvua ikaanza kunyesha, kila mtu akaenda kwake. Lakini swali la kijana lilitufuata mpaka nyumbani, nasi twapenda kulitazama pamoja nanyi. Mtu akija mbio, ameacha kwao kwa sababu ya hofu, je, huruma ya watu yamtosha? Au anahitaji pia hakimu?

Tuanze na mambo ya kwetu, maana si vizuri kusema juu ya nyumba ya mwingine na huku yetu haijafagiliwa.

Wengi wenu mwajua habari za mji wetu. Likasi, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966, ulijengwa juu ya shaba na reli. Watu wa Kasai walikuja kufanya kazi migodini, ofisini na katika treni; na tangu mwaka wa 1928, reli ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, safari ya kutoka Kasai mpaka huku ikawa nyepesi. Walikaa, wakaoa, wakazaa, wakawazika wazee wao katika udongo huu. Mtoto wa Kikula aliyeitwa Mkasai mara nyingi alikuwa hajaiona Kasai hata siku moja.

Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukifanyika Kinshasa ukamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Ugomvi wa wakubwa ukashuka mpaka uani kwetu. Wakubwa wa mkoa walihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na vijana wa chama cha UFERI wakaingia mitaani. Watu wakatolewa nyumbani, vyombo vikachukuliwa, nyumba zikachomwa. Maelfu wakakimbilia shuleni na stesheni, wakangoja treni ya kuwapeleka kwa babu zao. Wengine walingoja miezi. Watoto na wazee walikufa kwa njaa na maradhi wakingoja, na wengine walikufa njiani ndani ya mabehewa. Mwaka uliofuata mambo hayo yakafika Kolwezi pia. Sisi tuliokuwa watoto wa kubebwa mgongoni siku zile hatukuona kwa macho ya kukumbuka; tumeyapokea vinywani mwa mama zetu, tena kwa sauti ya chini.

Sasa tuulize: siku zile ni nini kilichokosekana hapa Likasi? Huruma haikukosekana kabisa. Kuna waliowaficha majirani chumbani. Kuna waliopika bukari usiku wakaipeleka stesheni. Kuna waliotunza ufunguo wa nyumba ya rafiki miaka na miaka. Mungu awalipe. Lakini huruma hiyo ilikuwa na mpaka wake. Iliweza kumlisha mtu aliyefukuzwa, haikuweza kumsimamisha anayefukuza na kumwuliza: "Kwa sheria gani? Kwa kosa gani? Na kosa hilo ni la nani?" Tribunali zilikuwapo mjini, majaji walikuwapo, lakini hapakuwa na hukumu iliyozuia hata behewa moja.

Tena tazameni jinsi watu wale walivyosemwa. Mtu hakuambiwa: "Wewe fulani, mwana wa fulani, umefanya neno hili baya." Aliambiwa: "Ninyi." Aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa mkunga, aliyekuwa fundi wa viatu, wote wakawa neno moja tu. Kabla ya kunyang'anywa nyumba walikuwa wamekwisha kunyang'anywa majina.

Labda mmoja wenu atasema: "Lakini wale walikuwa raia wa nchi hii, si wageni walioomba makimbilio." Ni kweli, nayo sheria yatofautisha. Mkimbizi kwa sheria ni yule aliyevuka mpaka wa nchi. Hata hivyo kidonda ni kimoja. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu ulipitishwa mwaka wa 1981, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliukubali mwaka wa 1987. Mkataba huo wampa kila raia haki ya kukaa popote katika nchi yake. Wampa mtu anayeteswa haki ya kutafuta makimbilio katika nchi nyingine. Na wakataza kufukuza wageni kwa wingi kwa sababu ya taifa lao, rangi, kabila au dini. Basi mwaka wa 1992 maneno mazuri yalikuwapo tayari, yamepigwa chapa na kutiwa sahihi. Mtu wa kuyasimamia ndiye hakuwapo.

Wazee wetu walisema: Mnyonge hana haki. Mithali hiyo yaweza kusikiwa kwa namna mbili. Kama ni habari ya mambo yanavyokwenda duniani, twaikubali kwa huzuni, maana tumeyaona. Lakini kama ni sheria, kana kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, basi ni uongo. Tulifundishwa seminarini kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Sasa kama kitu ni changu, ni changu hata nikiwa mnyonge. Na hasa nikiwa mnyonge ndipo nahitaji mtu wa kusema kwamba ni changu. Mwenye nguvu hahitaji hakimu amlindie nyumba yake. Ana walinzi.

Hapa ndipo huruma na haki zinapoachana njia kwa kitambo kidogo. Huruma yatoka kwangu: leo ninayo, kesho nimechoka, au nimeogopa, au mwenyewe nina njaa. Anayeishi kwa huruma yangu lazima aangalie uso wangu kila asubuhi. Haki haitegemei uso wangu. Ndiyo sababu mtu mwema asiseme: "Sheria za wageni hazinihusu, mimi nitawapa chakula." Chakula ni chema. Lakini akija mtu mwenye silaha kumwondoa mgeni wako mezani, chakula chako hakitamjibu.

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka miji sita ya makimbilio katika sheria ya Musa, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande ule. Mtu aliyemwua mwenziwe bila kukusudia aliweza kukimbilia humo, mlipiza kisasi asimpate. Lakini tuangalie jambo ambalo mara nyingi twalipita upesi. Mji ule haukumficha mtu daima bila kumwuliza. Ilimpasa asimame mbele ya mkutano, asikilizwe, ijulikane kama aliua kwa kusudi au sivyo. Na sheria hiyo ilikuwa kwa mwana wa nchi na kwa mgeni pia. Basi tangu zamani sana watu walielewa kwamba makimbilio na hukumu vyakaa nyumba moja. Anayekimbia anahitaji mahali pa kusimama. Akiisha kusimama, anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Tuvuke sasa mpaka wa Kasumbalesa, tuone mambo ya jirani zetu. Mwaka uleule wa 1992, mwezi wa Februari, serikali ya Zambia iliwafukuza watu 517 wa Afrika ya Magharibi, wengi wao wafanya biashara. Serikali ilisema kwamba walikaa nchini bila ruhusa. Walikusanywa, wakawekwa pamoja, wakaondolewa kwa makundi. Wengine waliacha nyuma jamaa zao na mali yao. Shirika moja la Senegal liitwalo RADDHO likapeleka mashtaka mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Mwaka wa 1996 Tume ikatoa neno lake: Zambia ilivunja Mkataba. Tume haikusema kwamba kila mmoja wa wale 517 alikuwa na haki ya kukaa Zambia. Ilisema kwamba kila mmoja alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa, na kwamba kuwafukuza watu kwa fungu ni kuwanyima haki hiyo. Maneno hayo ni machache, lakini ndugu zetu waliolala stesheni ya Likasi mwaka uleule hawakuyapata kwa mtu yeyote.

Kutoka hapo twende Kenya, maana huko jambo hili lilipimwa mara nyingi katika miaka ya karibuni. Katika Nairobi waishi wakimbizi wengi, Wasomali, Waethiopia, na Wakongo wenzetu pia. Wana maduka, watoto wao wasoma, wengine ni mafundi na walimu. Mwezi wa Desemba 1992? Hapana, miaka 20 baada ya mambo ya Likasi, yaani Desemba 2012, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini, Wasomali Dadaab na wengine Kakuma. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, kwa kuwa mabomu yalikuwa yametupwa mijini na watu wamekufa. Shirika la wanasheria liitwalo Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi kadhaa, wakaenda kortini. Tarehe 26 Julai 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta amri ile. Alisema kwamba serikali haikuonyesha jinsi kumhamisha kila mkimbizi kungeleta usalama, na kwamba amri hiyo iliumiza heshima ya watu na uhuru wao wa kwenda na kukaa.

Lakini tusifurahi upesi. Baada ya hapo likaja shambulio la Westgate, Septemba 2013, wakauawa watu 67. Machi 2014 serikali ikatoa amri nyingine inayofanana na ile ya kwanza. Mwezi wa Aprili askari wakaingia mitaa ya Wasomali, maelfu wakakamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Watu wakaenda kortini tena, na safari hii, Juni 2014, Mahakama Kuu ikawakatalia. Amri ikasimama.

Kisha likaja jambo zito kuliko yote. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia chuo kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Mei 2016 serikali ikatangaza kwamba kambi ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka wa 1991, itafungwa na Wasomali watarudi kwao. Tarehe 9 Februari 2017, Jaji John Mativo akasema kwamba tangazo hilo si halali: lawahukumu watu wa taifa moja kwa pamoja, na lawarudisha mahali ambapo maisha yao yamo hatarini. Mwaka wa 2021 serikali ilitaka tena kufunga kambi, na korti ikasimamisha jambo hilo kwa muda. Kambi haikufungwa.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa pana swali la kweli ambalo haifai kulikwepa. Je, serikali haina wajibu wa kuwalinda raia wake? Mama aliyempoteza mwanawe Garissa, tutamwambia nini? Tukimwambia tu, "Wahurumie wageni," tutakuwa tumemdharau. Mtoto wake alikuwa na jina.

Twajibu hivi. Serikali ina wajibu huo, tena ni wajibu wake wa kwanza. Mwuaji akipatikana kambini, akamatwe kambini. Akipatikana mjini, akamatwe mjini. Akiwa mgeni au mwenyeji, ashtakiwe. Hakuna hakimu hata mmoja katika hukumu hizo aliyesema vingine. Hakimu auliza jambo moja tu: "Ni nani?" Mwenye kosa ana jina lake, na kumtafuta kwa jina ni kazi ngumu, kuwakusanya watu wote wa lugha yake ni kazi rahisi. Mara nyingi kazi rahisi huchukuliwa mahali pa ile ngumu, na mwuaji hubaki amejificha nyuma ya fungu la watu wasio na kosa. Basi hakimu anayekataza kuhukumu watu kwa fungu hamwibii mama yule haki yake. Afadhali tuseme kwamba anaitunza, maana damu ya mwanawe yadai mwenye kosa mwenyewe, haidai mtu yeyote tu wa kabila lake.

Na ile hukumu ya mwaka 2014, wakimbizi waliposhindwa? Hiyo yatufundisha kwamba korti si mjomba wa mkimbizi. Mjomba hukupa kwa kuwa wewe ni wake. Hakimu husikiliza pande mbili, naye aweza kukukatalia, na mara nyingine, kwa maoni yetu, aweza kukosea. Waliopelekwa kambini mwaka ule hawakufarijiwa na sababu nzuri za sheria. Hilo tulikiri.

Tukiri pia kwamba korti yaweza kufunga mlango uliokuwa wazi. Nchini Marekani, serikali iliyotangulia ilikuwa imewaruhusu watu wa Cuba, Haiti, Nicaragua na Venezuela zaidi ya laki tano waingie na kukaa kwa muda, kwa sababu ya taabu za nchi zao. Mwaka wa 2025 serikali mpya ilitaka kuikatiza ruhusa hiyo kwa wote kwa mara moja. Jaji mmoja wa Boston akazuia, akisema kwamba ruhusa ya kila mtu yapaswa kutazamwa peke yake. Lakini tarehe 30 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaliondoa zuio lake, hata kabla kesi haijakwisha. Mnaona, ndugu, swali lilikuwa lilelile la Zambia na la Nairobi: mmoja mmoja, au wote kwa fungu? Nalo laweza kujibiwa vibaya hata na waamuzi wenye elimu kubwa.

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyesema kwamba hukumu ni karatasi. Ana neno lingine la kutuambia, nalo ni kweli: hukumu huchelewa. Mfano wake tunao hapahapa, tena nchi yetu ndiyo iliyokosa. Bwana Ahmadou Sadio Diallo, mtu wa Guinea, aliishi Kongo tangu mwaka wa 1964, akafanya biashara, akawa anadai fedha nyingi kwa serikali na kwa makampuni makubwa. Mwaka wa 1995 akakamatwa na kutiwa kifungoni, na tarehe 31 Januari 1996 akaondolewa nchini baada ya miaka 32. Katika karatasi aliyopewa hawakuandika kwamba amefukuzwa. Waliandika neno linalotumiwa kwa mtu aliyerudishwa mpakani, kwa sababu mtu wa namna hiyo, kwa sheria yetu, hawezi kukata rufani. Neno moja lilibadilishwa, mlango wa hakimu ukafungwa. Guinea ikapeleka kesi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hukumu ilitoka tarehe 30 Novemba 2010: Kongo ilimkamata na kumfukuza kinyume cha sheria, wala haikumpa nafasi ya kujitetea. Mwaka wa 2012 ikaamriwa kulipa dola 95,000. Mtu aliyeondolewa akiwa na nguvu zake alingoja miaka 16.

Na wako waliokufa kabla ya kusikia hukumu yao. Tarehe 6 Mei 2009, merikebu za Italia ziliwakuta baharini, kusini ya kisiwa cha Lampedusa, watu karibu 200 waliotoka Libya kwa mashua. Wakachukuliwa, wakarudishwa Tripoli. Hawakuulizwa majina, wala hapakuwa na mkalimani wa kusikia shida zao. Wasomali 11 na Waeritrea 13 kati yao walishtaki mbele ya Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 23 Februari 2012 korti ikasema kwamba Italia ilikosa, na kwamba hata katikati ya bahari serikali haiwezi kuwarudisha watu bila kumtazama kila mmoja. Lakini wawili kati ya wale 24 walikuwa wamekwisha kufa.

Basi ikiwa hukumu huchelewa, na hukosea, na mara nyingine haifuatwi, yafaa nini? Twaona mambo matatu.

Kwanza, yamlazimisha mwenye nguvu kutoa sababu mbele ya watu. Asiyeulizwa neno hufanya apendavyo. Anayejua kwamba kesho atasimama mbele ya hakimu na kuulizwa "kwa nini" huanza kujiuliza leo.

Pili, yamrudishia mgeni jina lake. Kortini hawezi kuitwa "ninyi" tu. Lazima iandikwe: huyu ni fulani, alitoka mahali fulani, alipatwa na jambo hili. Hata akishindwa, ameshindwa akiwa mtu.

Tatu, yabaki. Huruma ya jirani aliyemficha mtu chumbani mwaka wa 1992 ni njema mbinguni, lakini duniani imekufa pamoja naye, isipokuwa mtoto wake aisimulie. Hukumu iliyoandikwa yaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, aliye katika shida ileile, akasema: "Tazameni, lilikwisha kuamuliwa." Wale 517 wa Zambia labda hawakupata kitu mkononi. Lakini neno lililosemwa juu yao linamlinda mtu ambaye hawatamjua kamwe.

Hata hivyo, hakimu hafiki mahali pote. Kalamu yake yafika mpaka mlangoni. Ndani ya nyumba haiingii. Korti ya Nairobi iliweza kufuta amri ya serikali. Haikuweza kumwamuru mwenye nyumba ampangishe Mkongo chumba, wala mtoto amkaribishe mwenziwe Msomali kwenye dawati. Huko ndiko huruma inakorudi kazini, na bila yake sheria ni nyumba isiyo na moto jikoni. Kwa hiyo kwa kijana wetu twajibu: hakimu hatoshi. Na kwa yule anayefikiri kwamba moyo mwema watosha, twajibu: nao hautoshi. Mgeni anahitaji vyote viwili, na anayempa kimoja ili kumnyima cha pili hajampa vema.

Sisi wa Kikula yatuhusu nini? Yatuhusu mara mbili. Nchi yetu imewapokea wakimbizi zaidi ya nusu milioni kutoka nchi za jirani. Na Wakongo zaidi ya milioni moja ni wakimbizi katika nchi za watu. Mwaka wa 2017 ndugu zetu wa Katanga hii walikimbia vita wakaingia Zambia, wakapokewa Nchelenge, wakapewa mahali pa kukaa Mantapala. Kipimo tunachotaka kupimiwa huko, ndicho tupime hapa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2002 juu ya wakimbizi imeweka tume ya kuwasikiliza wanaoomba makimbilio, na nyingine ya kusikiliza rufani yao. Basi akija mtu kama huyo mtaani, tusimpe unga tu na kumwambia akae kimya asionekane. Tumsaidie kufika mbele ya wenye mamlaka, tumtafutie mtu wa lugha yake, tumsindikize, tuwe mashahidi wa yale tunayoyajua juu yake.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Siku hizi vijana wengi wa Kasai wanafika tena Katanga kutafuta kazi. Hao si wakimbizi mbele ya sheria. Ni raia, wako nchini mwao. Lakini maneno ya zamani yameanza kusikika tena sokoni na katika pikipiki: "Wamejaa. Wote ni wezi. Warudi kwao." Aliyeibiwa ana haki ya kumshtaki mwizi, tena amshtaki. Lakini kila tunaposikia neno hilo "wote", tulisimamishe. Tuulize kama hakimu anavyouliza: "Ni nani? Umemwona? Jina lake nani?" Hiyo ni korti ndogo ambayo kila mmoja wetu aweza kuifungua, nayo haihitaji joho wala jengo. Kama korti hizo ndogo zingalikuwa nyingi mwaka wa 1992, labda zile kubwa nazo zingalipata ujasiri.

Wiki iliyofuata tulimtembelea yule mzee wa reli. Alitutolea daftari kuukuu, la zile zinazotumika kuandika mabehewa. Katika kurasa za mwisho alikuwa ameandika, kwa kalamu ya risasi, majina ya watu wa barabara yake waliopanda treni: baba, mama, watoto, na tarehe. Tulimwuliza kwa nini aliandika. Akasema: "Hapakuwa na wa kuwahukumu, hapakuwa na wa kuwatetea. Nikasema, angalau pawepo mtu anayejua ni akina nani." Wengine walirudi baadaye, akaweka alama mbele ya majina yao. Majina mengine hayana alama mpaka leo.

Daftari lile halikuzuia treni. Lakini twadhani ndivyo kila hukumu ya haki inavyoanza: mtu mmoja akikataa kuhesabu watu kwa fungu, akauliza jina, akaliandika. Tuanze hapo, ndugu wasomaji, kila mmoja katika barabara yake.